Kijana, Umechoka? Kabla ya Kahawa, Kaa Kidogo na Eliya



Jumapili moja, baada ya kipindi cha vijana parokiani, binti wa kidato cha nne alinivuta pembeni. "Kaka, eti kunywa kahawa ni dhambi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Mama yake alikuta kopo la kahawa chini ya kitanda, wakagombana, na ilikuwa siku ya tatu hawazungumzi vizuri. "Bila kahawa siwezi kusoma usiku, na mitihani iko mlangoni. Mama haelewi ninavyochoka."

Nikamjibu haraka haraka: si dhambi. Nilipofika nyumbani nikaona jibu lile lilikuwa fupi mno.

Ni kweli, kahawa si adui. Kule Kagera mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna. Kule Kilimanjaro, wamisionari Wakatoliki walikuwa kati ya watu wa kwanza kuipanda. Wapo wengi miongoni mwetu waliosomeshwa kwa shamba la kahawa. Kwa hiyo tusimbebeshe mtu dhambi isiyokuwepo.

Lakini Mtume Paulo anatupa kipimo kingine (1 Kor 6:12): jambo linaweza kuwa halali na bado lisitufae, na yeye hakukubali kutawaliwa na kitu chochote. Basi jiulize: ninaitawala kahawa, au yenyewe inanitawala?

Tuangalie inavyofanya kazi. Kadiri unavyokaa macho, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, ambacho hukuambia: sasa lala. Kafeini iliyomo kwenye kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu hukalia nafasi ya adenosini, ujumbe usifike. Uchovu haujaondoka, umezibwa mdomo tu. Tena kafeini haitoki mapema. Ukinywa kikombe saa mbili usiku, ikifika saa saba karibu nusu yake bado imo mwilini. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Unalala vibaya, unaamka umechoka, unatafuta kikombe kingine. Si unaona mzunguko huo?

Sasa fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amekimbia, ameogopa, amechoka mpaka anaomba afe. Analala chini ya mti jangwani. Mungu anafanya nini? Hamtumii malaika wa kumgombeza. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Eliya anakula, kisha analala TENA, na malaika anamwacha alale. Anamwamsha mara ya pili, anakula, ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu. Mungu aliijua safari iliyokuwa mbele, na bado hakumnyima usingizi.

Jamani, sisi tunataka kufika Horebu bila kulala!

Kwa hiyo, kabla ya kikombe, jiulize kwa ukweli mbele za Mungu: uchovu huu unatoka wapi?

Kama unatoka kwenye simu, kwamba saa sita usiku bado unamalizia bando, dawa unaijua. Iache simu sebuleni.

Kama unatoka kwenye kazi, yaani unaamka saa kumi kuchota maji, unatembea hadi shule, ukirudi unapika na kuosha vyombo, hilo si kosa lako. Waambie wazazi kwa heshima. Na ninyi wazazi mnaosoma hapa, nawaomba: kabla ya kuuliza kwa nini mtoto anakunywa kahawa, hesabuni saa anazolala.

Kama unatoka kwenye hofu, karibu kwa Eliya.

Yule binti nilizungumza naye tena. Alilia. Mama yake anauza vitumbua ili alipe ada, naye anaona akifeli atakuwa amemwibia mama yake. Hapo nikaelewa kuwa kahawa haikuwa tatizo kubwa. Nikamshauri hayo hayo akamwambie mama. Alimwambia. Sasa vyombo vya jioni anaosha mdogo wake, yeye analala saa nne na kuamka saa kumi na moja kusoma. Hofu haijaisha yote, lakini kopo limehamia kabatini, na Jumamosi asubuhi wanakunywa pamoja.

Ushauri wangu basi: kikombe kidogo asubuhi, wazazi wakijua, si neno. Usiku acha. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Ukiona moyo unakwenda mbio au mikono inatetemeka, usinyamaze, mwambie mtu mzima. Na usifiche, kwa sababu kinachofichwa chini ya kitanda ndicho huanza kututawala.

Papa Fransisko alikuwa na sanamu ya Mtakatifu Yosefu akiwa amelala. Alipokuwa na shida aliiandika kwenye karatasi, akaiweka chini ya sanamu ile. Leo usiku andika hofu yako, iweke chini ya mto, kisha ulale.

Tusali: Ee Bwana, uliyelala chomboni wakati wa dhoruba, nifundishe kukuamini hata nikifumba macho. Pokea masomo yangu, hofu yangu na usingizi wangu. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Amina.