Nani Ameshika Breki Yako?

Tangu ijulikane kwamba mimi na vijana sita wa kanisa tunajiandaa kwenda kuendesha baiskeli huko Mlima Kenya, nimeulizwa swali moja kwa sura nyingi. Kuna wanaouliza kwa utani, kuna wanaouliza kwa uchungu. Ukiliondolea mapambo, swali ni hili: mtu wa Mungu ana ruhusa gani ya kuutesa mwili wake kwa jambo ambalo hakuna aliyemtuma? Mama mmoja wa maombi ya Jumatano alilisema waziwazi kuliko wote: "Mchungaji, sisi huku tumeshaona miili ikiteswa kwa jina la Bwana. Bado hatujapoa."

Hakutaja Shakahola. Hapa Malindi haina haja ya kutajwa.

Sitaki kumjibu kwa haraka, maana ana haki. Kwanza nieleze safari yenyewe. Inaitwa 10to4, na jina limetokana na urefu: unaanza juu, kama futi 10,000 kutoka usawa wa bahari, unashuka mpaka kama futi 4,000, na pesa zake zinasaidia kuhifadhi mlima na msitu wake. Msidanganywe na neno kushuka. Miteremko ya Mlima Kenya imekatwakatwa na mabonde ya mito, kwa hivyo kila ukishuka kuna mahali utapanda. Na sisi ni watu wa baharini. Kule juu kila pumzi inakupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata hapa ufuoni, na hilo huwezi kulifanyia mazoezi Malindi hata uombe usiku kucha. Unapanda siku kadhaa mapema, unakaa, unauacha mwili uzoee.

Kinachowezekana huku tunakifanya. Siku nyingine tunatoka Mavueni kuelekea Kaloleni, kwenye vile vilima vya minazi, ambako wauza madafu wanatupita na Black Mamba zao zisizo na gia, mzigo nyuma umefika kiunoni, na wala hawaiti kazi yao changamoto. (Hilo peke yake lingenyamazisha majivuno ya kijana yeyote mwenye helmeti mpya.) Safari ndefu tunafuata barabara ya Sala Gate, kupitia Kakoneni na Langobaya. Ndiyo, ni upande uleule. Kijana mmoja aliniuliza kama si afadhali tubadilishe njia. Tukakubaliana tusibadilishe.

Nilisomea biashara kabla ya chuo cha Biblia, na huko tulifundishwa hesabu ya uchakavu: mashine ikitumika inapungua thamani kila mwaka, unaandika hasara, basi. Msuli hauendi na hesabu hiyo. Ukiutumia na kuupumzisha, thamani inapanda. Lakini sikiliza vizuri, haupandi ukiwa barabarani. Barabarani unaumia tu. Unajengeka usiku umelala, na mezani unakula. Ndiyo sababu ratiba yetu ina siku mbili za kupumzika kila wiki, na vijana wanazichukia hizo kuliko kilima chochote.

Halafu kuna njaa, na hapa ndipo baiskeli imenifundisha jambo ambalo mimbari haikuwahi kunifundisha. Misuli ina akiba ya sukari ya kutosha kazi nzito kwa muda wa saa moja na nusu, mbili hivi. Kwa hivyo tunakula kabla ya kusikia njaa: ndizi, kipande cha kiazi kitamu, mahamri kwenye mfuko wa shati, na maji yenye chumvi kidogo kwa sababu ya jua letu. Anayengoja mpaka ahisi njaa ameshachelewa. Mikono inatetemeka, macho yanaona ukungu, na kabla ya miguu kukataa kabisa, kuna kitu kingine kinaondoka kimyakimya: akili ya kuamua. Nimemwona kijana hodari, mwanafunzi wa uhasibu, anabishana nasi kwa hasira kwamba yuko sawa, na baiskeli inaenda upogo. Hakuwa anadanganya. Kile ambacho angekitumia kujipima ndicho kilichokwisha.

Sasa twende kwa Paulo, maana najua kuna mtu ameshafungua 1 Wakorintho 9. Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno kutesa pale Paulo anapozungumza juu ya mwili wake. Neno la Kigiriki alilotumia ni la ngumi, kumpiga mtu chini ya jicho. Korintho ilikuwa karibu na Isthmia, ambako michezo ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na wasomaji wake walijua mwanamichezo anaishi vipi. Anajinyima, kweli. Lakini ana mwalimu, ana meza, ana usingizi, na ana tarehe ambayo mambo yatakwisha. Hajinyimi ili afe. Mtu akichukua neno lile moja akalikata kutoka kwenye uwanja wa michezo, amebaki na kipigo kitupu.

Au mtazame Eliya, 1 Wafalme 19. Tunapenda kuhubiri zile siku 40 za kwenda Horebu. Tunaruka kilichotangulia: mtu amechoka, anaomba afe, na malaika hamkemei wala hampi semina. Anamwamsha. Anamlisha mkate na maji. Anamwacha alale tena, anamlisha tena, na sababu anayompa ni kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Mlima wa Mungu wenyewe ulihitaji maandalizi ya tumbo.

Na sasa Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa. Nani alifanya nini ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi wa makanisa ni kuuliza mateso yale yana tofauti gani na nidhamu, maana maneno yalikuwa yetu: kufunga, kujikana, kushinda mwili. Sikubali jibu rahisi kwamba wale walikuwa wajinga. Walikuwepo wenye elimu na kazi nzuri. Mimi naona hivi: mtu mwenye njaa ya siku nyingi hawezi kuwa ndiye wa kuamua kama aendelee. Uwezo huo ndio unaotangulia kwisha. Nidhamu yoyote isiyomwachia mtu mwingine mwenye kushiba haki ya kusema "simama" haistahili kuitwa nidhamu, hata kama inaimbwa. Na mtoto, ambaye hakuchagua kuanza, hata habari ya kuchagua kusimama haikuwahi kumfikia.

Wala sisemi maandalizi yananunua usalama. Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, mmoja wa waendesha baiskeli bora Kenya imepata, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Alikuwa amejiandaa kuliko sisi sote. Uhai ni wa Mungu, nukta.

Lakini breki ni zetu. Kwenye mteremko wa futi elfu sita, fundi anaangalia breki kabla ya mnyororo. Na sisi saba tumekubaliana, tukiwa tumeshiba na akili zetu timamu, kwamba yeyote akimwambia mwenzake shuka, anashuka, hakuna mjadala. Hata akiambiwa mchungaji. Mwezi uliopita msichana mdogo kuliko wote aliniambia mimi, karibu na Langobaya. Nikashuka.

Ndiyo maana nimependekeza utaratibu huohuo kwa mfungo wa kanisa unaokuja. Kila atakayefunga zaidi ya siku tatu aandike jina la mtu mmoja anayekula, ambaye akisema inatosha, inatosha. Mimi ningependa mtu huyo awe nje ya kanisa letu: jirani, ndugu, hata daktari. Wazee wawili hawajakubaliana nami hapo. Wanasema tunampa mtu wa nje ufunguo wa madhabahu. Naelewa hofu yao, ila naogopa zaidi madhabahu ambayo ufunguo wake unakaa mfukoni mwa mchungaji peke yake, na hapo najihesabu na mimi. Tutalizungumza Jumatano baada ya maombi, na mama aliyeniuliza swali ameahidi kuja.

Wakati huo huo fomu za mfungo ziko kwa katibu. Chini kabisa kuna mstari wa jina hilo na namba yake ya simu.