Msiulize Mvua Ngapi, Ulizeni Lini

Wanangu na wajukuu zangu wa Lionja, pamoja nanyi wa upande wa Ruangwa,

Kila Oktoba ikifika mnanijia na swali lile lile: "Babu, mwaka huu mvua itakuwa nyingi?" Mnauliza kwa adabu, nami nashukuru, ila jibu lake halilishi mtu. Huku kwetu mwaka wa kawaida hupata kama milimita 800 hadi 1000 za mvua. Kwa mahindi, mtama, ufuta na mbaazi, hiyo inatosha. Mwaka wa njaa na mwaka wa shibe yaweza kuwa na jumla moja ya mvua ukihesabu kuanzia Novemba hadi Mei. Tofauti yake ni mvua ilianguka siku gani, na siku hiyo mmea ulikuwa umefikia wapi.

Wakubwa wanapenda kusema wastani. Mtu aliyekula sahani saba siku ya Idi, kisha akalala njaa siku sita, kwa hesabu ya wastani amekula sahani moja kila siku. Mwulizeni kama ameshiba.

Mpango wa karanga uliofika hadi hapa Nachingwea ni ushahidi wa jambo hilo. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu, katika ekari zaidi ya milioni 3. Waliotumwa kuichunguza nchi mwaka 1946 waliizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakiwa angani kwenye ndege. Utajuaje udongo ukiwa juu ya mawingu? Karanga huchanua juu ya ardhi, kisha ua lililoshika hushusha kijiti kinachochoma udongo, na karanga huumbika chini. Kule Kongwa mvua ilipokata, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, hata zile karanga zilizokuwa zimeumbika zikawa kazi kuzing'oa. Kwetu mvua ilikuwa afadhali, lakini kufyeka msitu, kujenga bandari na kutandika reli kulikula muda na fedha, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli ya kutoka Mtwara ikafungwa mapema miaka ya 1960. Wazee walikuwa wakilima karanga humu humu kabla ya wageni hao kuja, kwa jembe la mkono, tena wakivuna.

Sasa tuje kwenye kupanda. Mvua ya kwanza ya mwisho wa Novemba ni tapeli. Hunyesha siku mbili kwa kishindo, vijana mkakimbilia shamba na mbegu ya kununua, halafu jua likawaka siku kumi. Mbegu imeshaota, haina pa kurudi. Kabla hujapanda, chimba. Ukikuta unyevu umeishia kina cha vidole vinne na chini yake ni vumbi, rudi nyumbani ukapumzike. Unyevu ukishuka shubiri nzima, panda siku hiyo hiyo, usingoje jirani.

Na mjue thamani ya kinachoanguka. Milimita 1 ya mvua katika ekari 1 ni lita kama 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Mvua ya milimita 20, ambayo nyinyi mnaiita manyunyu ya usiku mmoja, ni ndoo 4,000 kwa kila ekari. Halafu mtu aliyechoma mabua yote Septemba, akaliacha shamba uchi, anazitazama ndoo hizo zikiteremka mtoni na udongo wake wa juu. Moto wa kusafisha shamba mimi siupendi, na nimeshagombana na wengi kwa ajili hiyo. Mabua yakilazwa katikati ya mistari huyazuia maji yasikimbie, na jua la Januari halifiki moja kwa moja kwenye udongo.

Hilo jua la Januari ndilo kiini cha barua hii. Wanaolima huku kusini wanajua kwamba mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari mvua hupenda kukatika wiki moja au mbili, miaka mingine zaidi. Sasa hesabuni. Hindi la siku mia hivi hutoa mbelewele kati ya wiki ya saba na ya nane. Aliyepanda wiki ya kwanza ya Desemba, mbelewele zake zinatoka katikati ya ukame huo. Mmea ukiwa mdogo huvumilia kiu. Hujikunja majani mchana, jioni ukayafungua. Ukishabeba na punje kujaa, pia hauhangaiki sana. Pale katikati, siku zile chache za mbelewele na ndevu, ndipo hauna uvumilivu kabisa. Kila uzi wa ndevu umeunganishwa na punje yake moja. Chavua ikianguka ndevu hazijatoka, kwa sababu kiu imezichelewesha, au ikizikuta zimekauka, punje ile haizaliwi. Ndiyo yale magunzi yenye punje upande mmoja na mapengo upande wa pili, ambayo mkiyaona mnasema mwenye duka kawauzia mbegu feki. Mara nyingine ni feki kweli. Mara nyingi ni tarehe.

Kwa hiyo msipande mahindi yote siku moja. Sehemu iende na mvua ya kwanza ya kweli, sehemu nyingine wiki mbili tatu baadaye, ili mbelewele zisikutane na jua zote kwa pamoja. Tafuteni mbegu za muda mfupi kwa sehemu ya pili, maana mvua ya Aprili nayo haina ahadi. Na shamba lisikose mtama. Mtama ukiona kiu husimama ukangoja. Mvua ikirudi, nao unaendelea. Vijana mnaudharau kwa sababu ugali wake ni mweusi. Mbaazi nazo mzipande ndani ya mahindi: mizizi yake inakwenda chini sana, na maua yake hutoka mvua ikishakwisha, yakanywa unyevu uliobaki ardhini. Palilieni mapema pia. Magugu hunywa maji yale yale, na katika siku kumi za jua mwenye shamba chafu huungua kwanza, kisha husingizia mabadiliko ya tabianchi. Tabianchi inabadilika, sikatai. Jembe lako limelala ndani tangu Krismasi, hilo nalo tulitaje.

Ufuta ni kinyume cha mahindi: hofu yake ni maji. Ukisimama kwenye maji siku mbili tu, mizizi inaoza, majani yananyauka kama ya mmea wenye kiu, na mjinga anafikiri umekosa mvua. Ndiyo maana tunausia mwishoni mwa Januari na Februari, kwenye ardhi inayopitisha maji, ukomae Mei mbingu zikiwa zimefunga. Anayeusia Desemba kwa tamaa ya kuwahi soko anauvuna ndani ya mvua, ukiwa na ukungu. Ukateni mara maganda ya chini yakianza kuwa njano, kabla hayajapasuka, msimamishe matita juu ya turubai. Hata hivyo mbingu zina mambo yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilishusha mvua kubwa pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika, katika wakati ambao kwa kawaida ufuta umeshaanza kukomaa. Wazee wetu waliwahi kusimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Mambo hayo ni nadra, lakini turubai la ziada na ghala lisilovuja havina hasara.

Mkorosho ndio unaowachanganya zaidi, kwa sababu unachanua wakati mazao mengine yameshavunwa. Unataka kiangazi kikavu. Kuanzia Juni hivi hadi Septemba hutoa majani mapya na maua, na hapo adui ni umande. Asubuhi zenye ubaridi na ukungu huleta ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado ukiyashika majani ili unga ugande. Anayepuliza saa nne kwa sababu usiku alikesha kwenye mpira, anawapulizia majirani. Mvua ikinyesha Julai au Agosti, huiosha salfa yote na kuleta ugonjwa wa blaiti, basi rudieni mapema msisubiri kuona dalili. Ikifika Novemba, okoteni kila siku: korosho iliyolala kwenye udongo uliolowa hubadilika rangi, na mnada haumwonei huruma mwenye daraja la pili. Ianikeni mpaka ukiitikisa ilie.

Tena angalieni mnyororo wake. Mahindi yakikosa punje Februari, Machi nyumba haina unga, na hapo ndipo mtu wa kangomba hupita akinunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo hata maua hayajatoka. Mnamlaani yeye, nami namlaani, lakini mlango alifunguliwa na wiki mbili za jua mlizozijua tangu utoto.

Mmoja wenu aliniuliza kwa nini tusilime ngano, kwa kuwa chapati na maandazi tunayapenda. Ngano inataka baridi ya usiku wakati punje inajaa. Ndiyo maana imekaa Hanang, ambako Wakanada walisaidia kuanzisha mashamba makubwa miaka ya 1970, na Karatu, West Kilimanjaro na nyanda za Makete na Njombe. Kwenye joto la Nachingwea ingekimbilia kukomaa, punje zikabaki zimesinyaa, na unyevu ungeleta kutu ya majani. Huko kwao nako ina siku zake dhaifu: mvua ikiikuta imekauka shambani, huota ikiwa bado kwenye suke, na unga wake haufanyi mkate.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kila mwaka kuelekea mwisho wa Oktoba. Usikilizeni, mkijua kwamba unasema juu ya wastani au chini ya wastani kwa eneo kubwa. Haujui shamba lako liko bondeni au mlimani. Hilo lijueni wenyewe. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekeni mahali pa wazi mbali na miti, na kila asubuhi pimeni kina cha maji kwa rula ya shule. Milimita za rula ndizo milimita za mvua. Andikeni kwenye daftari tarehe, kipimo, na siku mbelewele zilipotoka. Anayesoma darasa la sita anaweza kazi hiyo, naye mumlipe hata kwa muwa.

Kwa hiyo kabla Novemba haijaingia, nendeni kwa afisa ugani mkaulize mbegu za muda mfupi, gawanyeni mashamba yenu kwa tarehe, na kila nyumba iweke kopo lake uwanjani.