Kutosha kwa Nani?

Katika nyumba ninamopanga chumba hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, mwenye nyumba ana friji inayotengeneza barafu yenyewe. Maji huingia kwa mpira mwembamba hadi kwenye trei na kuganda. Kisha trei hupashwa joto kidogo, vipande huachia na kusukumwa kwenye kisanduku. Juu ya kisanduku kuna mkono wa waya. Barafu ikijaa huuinua mkono huo na mashine husimama. Ukichota, mkono hushuka na kazi huanza upya.

Waya huo umenifanya nijiulize: je, anayejua kusema "imetosha" ndiye mtu mwema?

Wengi tungejibu ndiyo. Aristotle alisifu kiasi, na wazee wetu hukemea tamaa. Tunaambiwa haba na haba hujaza kibaba, lakini methali haisemi tufanye nini kibaba kikishajaa. Binadamu hutafuta kibaba kikubwa zaidi, mashine hukoma. Kwa hilo imetushinda.

Hata hivyo, naona jibu hilo ni la haraka. Waya ule hupima kisanduku kimoja tu. Haujui kwamba nje ya lango anapita mama muuza sambaza, ambaye ndoo yake itaanza kunuka kabla ya adhuhuri. Samaki hao wadogo huvuliwa Ziwa Kivu usiku kwa mwanga wa taa, na kila jua linavyopanda ndivyo bei inavyoshuka. Kwake barafu ni mtaji. Kwetu sisi, tunaoishi kando ya ziwa lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako jioni huhitaji koti, barafu ni pambo la glasi ya soda. Kisanduku kinaweza kujaa, mashine ikatulia, na jirani akabaki na hasara yake.

Wapo watakaopinga: friji imenunuliwa kwa jasho, umeme na maji hulipiwa, hivyo mwenye nyumba hadaiwi na mtu. Nakubali kwamba kisheria hadaiwi. Nakubali pia kwamba kisanduku kimoja hakiwezi kuokoa soko zima. Lakini wajibu wa kimaadili hauanzi pale sheria inapotulazimisha. Anayetoa hupoteza maji kidogo na saa chache za kungoja. Anayenyimwa hupoteza mauzo ya siku. Tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho, kukaa kimya nako ni kuchagua.

Tena barafu ya mashine haikuanza kama anasa. Daktari John Gorrie wa Florida, Marekani, aliyepata hataza ya mashine ya barafu mwaka 1851, alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Alianza na uhitaji wa mwingine.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kutosheka ni nusu tu ya wema. Mtu anaweza kutosheka na bado asimwone jirani. Nilimweleza mwenye nyumba hoja hii. Alicheka, kisha akasema mama wa sambaza aje na ndoo yake kila asubuhi, mradi lango lifungwe akitoka. Siku hizi barafu huchotwa mapema, na mkono wa waya hushuka kabla hatujanywa chai.