Usiikatie Tamaa Saa Inayoyumba

Umeiunda saa yako ya GPS mezani kwako, ukaiunganisha na antena, ukasubiri. Taa ya kijani ikawaka, ukashusha pumzi. Baada ya muda ukatazama grafu ukakuta mstari unapanda na kushuka bila mpango. Sasa mkono unakuwasha uchomoe nyaya zote urudishe kila kitu kwenye boksi. Ngoja kwanza, ndugu yangu! Ugonjwa wa saa hiyo unaweza kuupata wewe mwenyewe, hapo hapo nyumbani.

Setilaiti za GPS zinazunguka takriban kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu, kila moja imebeba saa za atomu. Resiva yako inazisikiliza na kutoa mpigo mmoja kila sekunde. Ukiupima kwa muda mfupi, mpigo huo unachezacheza kwa makumi ya nanosekunde. Ukiupima kwa siku nzima, ni mkweli kuliko kristali yoyote utakayoinunua. Kristali yako ya megahezi 10, iliyofungiwa ndani ya oveni yake ndogo, ni kinyume: dakika hii imetulia tuli, lakini siku hadi siku inahama polepole. Kazi ya saa yako ni kuifungisha kristali ndoa na mpigo wa resiva. Ikiyumba, anza kuwashuku watatu: resiva na antena yake, kristali, na mzunguko wa urekebishaji unaozipatanisha.

Basi watenganishe. Zima urekebishaji, iache kristali ijiendee kwa volti isiyobadilika, kisha rekodi tofauti kati ya mpigo wake na ule wa resiva. Ukipata mstari unaopinda taratibu, wenye mtikisiko mdogo tu, kristali na resiva ni nzima. Mgonjwa ni urekebishaji. Mara nyingi umewekwa uwe na pupa, unailazimisha kristali ifuate kila kelele ya resiva. Ongeza muda wake wa kuitikia hadi sekunde mia kadhaa, uone utulivu unavyorudi. Mstari ukiruka ghafla, shuku antena: panda juu ya paa. Ukipinda mchana na kurudi usiku, shuku joto.

Huko juu ya paa usiwe na haraka. Antena iliyo chini ya bati haioni mbingu. Iliyo karibu na ukuta wa ghorofa ya jirani inaona mbingu mara mbili, maana mawimbi yanayogonga ukuta yanafika yamechelewa: mita 6 za mzunguko ni nanosekunde 20 zilizopotea. Ipandishe juu ya vizuizi hivyo, halafu iamuru resiva ijifunze mahali ilipo na ipashike, ili nguvu zake zote ziende kwenye wakati. Ukiwa pwani, fungua kiungio cha kebo. Ukikuta kutu ya kijani kwenye shaba, hewa ya chumvi imeshaingia. Kata, funga kiungio kipya, kizibe kwa tepu ya mpira. Kisha pima volti upande wa antena, maana upande wa resiva zinaweza kuonekana kamili huku antena ikifa njaa.

Jambo moja linatuhusu sana sisi wa karibu na ikweta. Jua likishazama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme hupasuka viputo, na mawimbi ya setilaiti yakapepesa, hasa miezi ya Machi na Septemba na miaka ambayo jua limechangamka. Saa yako ikiyumba kuanzia saa moja usiku hadi usiku wa manane kisha ikatulia, usiguse kitu. Mchawi yuko angani.

Joto, kwa upande wake, limewasumbua wakubwa. John Harrison, seremala wa Uingereza, alitumia miaka mingi kupambana nalo kwenye saa za baharini. Akaunganisha shaba nyeupe na chuma katika utepe mmoja ili unavyopinda usawazishe saa. Wewe vita yako ni nyepesi: ondoa saa kwenye upepo wa feni na jua la dirishani, ifunike kwa boksi. Na umeme ukikatika, kristali imepoa. Hata ukirudi, itahitaji saa nyingi, pengine siku, kabla ya kutulia. Betri ya akiba itakuokoa hapo, na hukumu ya haraka usiitoe.

Tafuta daftari. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, andika tarehe na saa, uiache saa usiku kucha, asubuhi usome grafu. Anayebadilisha vitu vitatu jioni moja hatajua kipi kilichoponya, na tatizo likirudi ataanza upya. Leo jioni, kabla hujalegeza skrubu hata moja, zima urekebishaji uanze kurekodi.