Mwenye Nyumba na Mlango wa Mpangaji

Mama mmoja mjane, Mkristo mwema, alifika parokiani na swali. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba sita pembeni mwa Dar es Salaam, ile tuijuayo sote: vyumba vitatu kila upande, ukumbi katikati, na uani choo na bomba la wote. Yeye hukaa katika chumba kimoja na wajukuu wake. Vile vitano amevipangisha. Pensheni hana, wala shamba. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo unga wake na daftari za watoto. Basi mpangaji mmoja hajalipa kwa miezi minne. Kazi yake imekoma, na mkewe amejifungua juzi. Mama akauliza: “Baba Padri, nikiung’oa mlango wake ili atoke, je, natenda dhambi?”

Ndugu msomaji, swali hili tusilijibu upesi. Wengi wetu tukisikia neno “mwenye nyumba” humwazia tajiri anayehesabu noti. Lakini katika miji yetu mwenye nyumba mara nyingi ni mwalimu mstaafu, au karani aliyejinyima miaka ishirini akinunua tofali moja moja, au mjane kama huyu. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mtu akiweka akiba ya ujira wake na kununua mali, mali hiyo ni ujira wake uleule uliogeuka sura. Kwa hiyo kula kodi ya nyumba ni kula jasho la mtu. Mpangaji mwenye uwezo wa kulipa anayejificha kila mwisho wa mwezi, au anayehama usiku akiacha deni, amevunja amri ya saba, hata kama Jumapili huketi kiti cha mbele kanisani. Mtume Paulo naye alikuwa mpangaji. Matendo ya Mitume yatuambia kwamba alikaa Roma miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake mwenyewe. Na ndiye aliyewaandikia Warumi kwamba wasiwe na deni kwa mtu yeyote, isipokuwa deni la kupendana.

Hiyo ndiyo haki ya mama yetu, wala hapana awezaye kuikana. Lakini je, haki ya kudai kodi ni haki ya kung’oa mlango?

La, sivyo. Papa huyohuyo, akimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alitofautisha mambo mawili: kuwa na mali kwa haki, na kuitumia mali kwa haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha tena mwaka 1965 kwamba Mungu aliiweka dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Tena nyumba si bidhaa kama bidhaa nyingine. Asiye na fedha za sukari hurudi nyumbani bila sukari. Asiye na fedha za nyumba hana pa kurudi.

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mungu hakuwaambia Waisraeli kwamba deni la maskini limefutwa. Aliwaambia kwamba anayedai rehani asiingie katika nyumba ya mdaiwa kuichukua. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Na mdaiwa akiwa maskini, vazi lake lirudishwe jua likitua, apate kujifunika. Tazameni hekima ya amri hiyo! Deni labaki kuwa deni, lakini mdai amewekewa mpaka, na mpaka wenyewe ni mlango. Deni lampa mamlaka juu ya fedha. Halimpi mamlaka juu ya kitanda cha mtu, wala juu ya mtoto mchanga ambaye hakukopa kitu.

Basi tukamwambia: Mama, dai lako ni halali. Waweza hata kuukomesha mkataba, kwa taarifa ya maandishi, mbele ya mjumbe na serikali ya mtaa. Na ikishindikana, Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliwekwa na sheria ya mwaka 2002 kwa ajili ya mashauri ya namna hii. Bali kung’oa mlango, kuezua bati au kutia kufuli ni kujifanya mdai, hakimu na askari kwa wakati mmoja.

Liko na kosa jingine linaloonekana dogo. Mwenye nyumba akidhulumiwa mara moja, humdai mpangaji ajaye kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Na juu yake dalali naye ataka kodi ya mwezi mmoja. Kijana anayeanza kazi atazitoa wapi fedha hizo, ila kwa kukopa? Hivyo mpangaji mwema hulipa deni la mpangaji mbaya aliyemtangulia. Hofu ya mwenye nyumba twaielewa. Lakini ulinzi wa haki ni mkataba ulioandikwa, stakabadhi kwa kila malipo, na mapatano mapema kuhusu umeme wa mita moja kwa vyumba sita, maana huko ndiko ugomvi mwingi huanzia. Anayeweza kupokea kodi ya miezi mitatu asing’ang’anie ya kumi na miwili.

Hata hivyo mama alikuwa na neno la mwisho, nalo lilitunyamazisha: “Baba, mbona huruma hii mmenitwika mimi peke yangu?” Alisema kweli. Si haki mjane mmoja abebe ukosefu wa kazi wa mji mzima. Anayehubiri huruma kwa kodi ya mwenziwe hajatoa kitu. Ikiwa jirani amekosa kazi na mtoto amezaliwa, jambo hilo ni la Jumuiya nzima.

Jumamosi ile Jumuiya yao ilichanga kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji akatia sahihi mbele ya mjumbe kwamba miezi mitatu iliyobaki ataimaliza kidogo kidogo, na siku ileile akaanza vibarua sokoni. Deni halijaisha, na mama bado hulihesabu, kama ilivyo haki yake. Lakini hulidai akiwa amesimama nje, na mlango ungali kwenye bawaba zake.