Tabibu na Deni la Watu Wake

Mtaalamu akishafanya kazi yake, je, amelipa deni la watu wake?

Mazimbu, Morogoro, wakimbizi wa Afrika Kusini walipewa ardhi mwaka 1977, wakajenga shule na hospitali. Mpaka walipoondoka 1992, waliponya miili na pia waliwasomesha watoto historia ya kwao, wasisahau walikotoka.

Mfano huo ni wa kale. Musa bin Maimun, Myahudi aliyefariki 1204, alihamishwa Kurtuba na dhuluma ya watawala Waislamu. Watawala Waislamu wa Misri wakamfanya tabibu wao. Jioni alirudi hoi, akatibu Mayahudi na wasio Mayahudi. Jumamosi, sabato yao, aliwakusanya jamaa zake akawasomesha.

Elimu ni amana. Mshahara umelipa kazi yako, amana utaulizwa.