Kutu ya Kupaka

Ngara hatuna reli. Mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka Rusumo na kujaa Benaco, chakula kilishushwa kwenye mabehewa Isaka kikaletwa kwa malori, kupitia Lusahunga. Mpwa wangu akaunda lori la bati la kopo la mafuta ya kula, magurudumu ya ndala kuukuu. Liling'aa. Kesho yake nilimkuta akilipaka tope jekundu, na masizi ya sufuria pale panapotoka moshi.

"Mbona unaliharibu?"

"Siliharibu, mjomba. Hili limetoka Isaka."

Huko Ulaya watu wazima hupaka treni zao za kuchezea kutu na masizi ili zifanane na za kweli. Je, ndugu msomaji, kutu ambayo haikuletwa na mvua si uongo? Nilitaka kumkanya hivyo, nikanyamaza. Wiki ileile nilikuwa nimeipaka rangi baiskeli yangu, fremu imeliwa na kutu, nikamuuzia mtu wa Biharamulo kwa bei ya nzima. Sote wawili tulipaka. Lakini lori lile ukilitazama uliijua njia.

Yule bwana alisema ataibebea ndizi. Sikumtafuta.